Historia Moja Inatosha: Metadata, Git na Msimbo wa Smalltalk

Nitasema wazi tangu mwanzo ili asiye na muda ajue ninakoelekea. Faili ya msimbo haifai kubeba habari ambazo historia ya mradi inazijua tayari. Nani aliandika, aliandika lini, toleo hili limetokana na toleo lipi: hizo ni kazi za Git. Ukiziandika mara ya pili ndani ya faili utakuja kulipa siku ya kuunganisha kazi za watu wawili, na bei yenyewe ni kubwa kuliko dakika chache za kukereka. Bei ni kazi ya mtu kupotea huku wote mkidhani iko salama.

Naandika haya kwa wanaotumia Smalltalk, hasa Pharo. Na zaidi naandika kwa wanaofanya kazi Kibera, Kawangware na mitaa mingine ya Nairobi ambako watu wawili wanaweza kuandika programu moja siku nne bila kuonana mtandaoni. Lakini hata wewe wa PHP au Python usiondoke. Ugonjwa ni uleule, majina ya faili tu ndiyo yanabadilika.

Kwanza, kwa wageni wa Smalltalk

Smalltalk ilizaliwa Xerox PARC huko California miaka ya 1970, mikononi mwa Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao. Tofauti yake kubwa na lugha nyingi ni kwamba hukai ukiandika katika faili. Programu yako, zana zako, data yako, hata dirisha uliloliacha wazi jana, vyote vinaishi pamoja katika kitu kimoja kinachoitwa imeji. Ukiihifadhi leo na kuifungua kesho unakuta kila kitu pale ulipokiacha. Na mtu asiseme ni lugha ya watu wa mbali. Laptopu ndogo za XO zilizopelekwa shule za Rwanda kuanzia 2008 zilikuwa na Etoys ndani yake, na Etoys imejengwa juu ya Squeak, ambayo ni Smalltalk.

Kwa kuwa hawakuwa na faili za kawaida, Wasmalltalk walijitengenezea njia zao za kutunza matoleo. Katika Squeak na Pharo chombo hicho ni Monticello. Kinachukua kifurushi cha klasi zako, kinakipa jina, nambari na saa, halafu kinaandika ukoo wake: toleo hili ni mtoto wa lile, na lile ni mtoto wa lile jingine. Kilifanya kazi nzuri enzi zake. Kisha Git ikatokea 2005, dunia ikahamia huko, na Wasmalltalk nao wakataka kuhama. Dale Henrichs akatengeneza FileTree, inayochukua kifurushi cha Monticello na kukitandaza katika folda: folda moja kwa kila klasi, faili moja kwa kila methodi. Hapo Git ikaweza kuuona msimbo huo kama inavyouona msimbo mwingine wowote.

Wazo zuri kabisa. Ila katika kuhama walihama na kunguni.

Mgongano unatoka wapi

Fungua ghala yoyote ya FileTree ya mtindo wa zamani. Kuna faili za aina mbili ambazo nataka uzitazame.

Ya kwanza iko ndani ya folda ya `monticello.meta`, na inaitwa `version`. Hiyo ndiyo karatasi ya ukoo. Ina jina la toleo, ujumbe wa mwandishi, kitambulisho, tarehe, saa, jina la mwandishi na mababu, vyote vimepangwa katika mstari mmoja mrefu kama treni ya mizigo. Kila ukihifadhi kifurushi, mstari huo unabadilika. Na Git hulinganisha faili mstari kwa mstari. Kwa hiyo watu wawili wakihifadhi kifurushi kilekile, kila mmoja katika tawi lake, lazima wagongane. Haijalishi kama mmoja aligusa klasi ya kwanza na mwenzake akagusa ya mwisho. Mstari ni mmoja, umebadilika pande zote mbili, basi.

Ya pili ni `methodProperties.json`, moja kwa kila klasi. Inaorodhesha methodi zote na mbele ya kila moja inaandika herufi za jina la mwandishi na saa:

    {
        "class" : {
             },
        "instance" : {
            "faini" : "AB 3/14/2016 21:07",
            "jumla" : "AB 3/14/2016 21:15" } }

Wewe ukigusa `faini` na mimi nikagusa `jumla`, mistari yetu imepakana, na Git inatangaza mgongano. Methodi zenyewe ziko katika faili mbili tofauti na hazina ugomvi wowote! Halafu ukiamua kusuluhisha kwa mkono kuna mtego wa koma. Mstari wa mwisho hauna koma, una mabano ya kufunga. Ukiongeza mstari chini yake na kusahau koma, au ukiacha koma moja zaidi, faili nzima haisomeki tena kama JSON na kifurushi kinakataa kufunguka. Wakati wote huo hujagusa hata herufi moja ya programu.

Mfano wa chama

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu wawili wanaandika programu ya chama kwa Pharo. Mmoja yuko Makina, Kibera. Mwenzake yuko Gatina, Kawangware. Programu inatunza michango ya wanachama, zamu za kupokea, na faini za wachelewaji.

Jumatatu wanagawana kazi, kila mmoja anaingia kwake. Yule wa Makina anabadilisha methodi ya `faini` kutoka shilingi 50 hadi 100, kwa sababu mkutano umepitisha hivyo. Yule wa Gatina naye anaingia katika `faini` hiyohiyo, lakini kwa jambo jingine: anayelipa siku ya mkutano kabla ya saa kumi jioni asihesabiwe kuwa amechelewa. Kando ya hayo kila mmoja anarekebisha vitu vidogo hapa na pale katika klasi tano za vifurushi vitatu. Alhamisi usiku wanaunganisha.

Git inawatolea orodha ya migongano. Faili za `version`, tatu. Faili za `methodProperties.json`, tano. Na chini kabisa, `faini.st`. Jumla tisa, na wa kweli ni mmoja tu.

Sasa niambie, ni saa tatu usiku, betri imebaki asilimia 12 na stima haijarudi. Mtu atafanya nini? Atafungua faili ya kwanza aone tarehe na vitambulisho visivyo na maana kwake. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Akifika ya nne atakuwa amejifunza somo moja tu: migongano ya mradi huu ni upuuzi mtupu. Atapiga hii:

    git checkout --ours .
    git add .

Na `faini` itazolewa pamoja na takataka. Sheria ya saa kumi imetoweka. Programu inafunguka vizuri. Majaribio yanapita, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuandika jaribio la saa kumi. Ukitazama historia katika Git utaona matawi mawili yamekutana kwa amani, na majina yote mawili yapo. Yule wa Gatina analala akijua kazi yake imeingia.

Jumapili kwenye mkutano, mama aliyeleta mchango wake saa tisa alasiri anaambiwa anadaiwa shilingi 100. Akibisha, mweka hazina anamwonyesha skrini. Kompyuta imesema.

Hilo ndilo jambo linaloniudhi, wadau. King'ora cha gari kinacholia kila usiku hakimwamshi mtu. Mgongano katika Git ni king'ora: unakuja kukuambia kwamba watu wawili wametaka vitu viwili na mashine haiwezi kuchagua, njoo uamue. Ukikijaza kelele za tarehe na nambari, umewafundisha watu wako kuuzima bila kuangalia mlango. Na siku mwizi akija kweli, mtaendelea kulala.

Kwa nini huku kwetu inauma zaidi

Katika ofisi yenye intaneti ya kudumu watu huunganisha kazi mara nyingi kwa siku. Mgongano wa bure unakuja mmoja, wanauondoa, wanaendelea. Huku kwetu mambo ni tofauti. Bando linaisha, stima inapotea, kompyuta moja inatumiwa na watu watatu kwa zamu. Matawi yanakaa mbali siku nyingi, na siku ya kukutana yanakutana na mzigo wote kwa pamoja.

Na hapo Git haina kosa. Kwa kweli Git inafaa sana mazingira haya, kwa sababu kila nakala ina historia yote na haihitaji intaneti hata kidogo. Ghala inaweza kukaa ndani ya flashi, mtu akapanda matatu nayo kutoka Kibera hadi Kawangware, na ikahesabika kama seva nyingine yoyote. Inaweza pia kukaa katika mashine moja ya mtandao wa jirani. Kibera kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii ulioanzishwa na Tunapanda Institute kuunganisha vituo vya kujifunzia. Mtandao wa namna hiyo unaweza kabisa kubeba ghala za Git za mtaa mzima bila kugusa bando la mtu. Kwa hiyo kufanya kazi mbali mbali kunawezekana. Kinachobaki ni kuhakikisha siku ya kukutana tunagombana kwa mambo ya maana tu.

Kuna jambo la pili ambalo wa ofisini hawalioni. Pharo huweka jina la mwandishi ndani ya imeji yenyewe. Imeji ina makumi ya megabaiti, na huku mtu hapakui imeji mpya kama rafiki yake anayo. Ananakili kwa flashi. Akinakili, amenakili na jina la rafiki. Kuanzia hapo kila methodi anayoandika inapigwa muhuri wa mtu mwingine, na FileTree ya zamani inaandika muhuri huo kwenye `methodProperties.json` kwa uaminifu kabisa. Nakili mara tatu nne na nusu ya mradi itaonekana imeandikwa na mtu mmoja ambaye labda alishaacha kuandika programu zamani.

Kwa hiyo ile metadata tunayogombania usiku kucha wala si ya kweli!

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sawa kabisa, lakini daftari mbili zinazopingana ni hatari kuliko kukosa, kwa sababu kila mtu atafungua ile inayompendelea. Na hapa jina si mapambo. Kijana wa Kawangware anayetafuta kazi ya programu bila mjomba katika kampuni ana ushahidi mmoja mkubwa, nao ni historia ya komiti zake. Historia hiyo ikiwa imechafuka, amepoteza barua yake ya sifa.

Nitakuwa mkweli: Git nayo inaweza kudanganywa. Kompyuta ya saiba ikiwa na jina la mtu mmoja katika mipangilio yake ya jumla, komiti za wote zitatoka kwa jina hilo. Lakini hapo tatizo liko mahali pamoja na lina dawa moja, nitaitoa huko chini. Katika FileTree ya zamani liko katika kila klasi.

Ramani ya Kibera walifanyaje?

Kama unadhani haya ni mambo ya Wasmalltalk peke yao, tazama mfano mwingine wa watu wengi kuandika kitu kimoja, tena papa hapa.

Hadi 2009 Kibera ilikuwa mahali peupe katika ramani za mtandaoni. Mwishoni mwa mwaka huo mradi wa Map Kibera ulianza. Erica Hagen na Mikel Maron waliuanzisha pamoja na vijana wa vijiji vya Kibera, na vijana hao wakapita vichochoroni na vifaa vya GPS wakiandika zahanati, shule, vyoo na mahali pa kuteka maji, kisha wakaviweka katika OpenStreetMap. Huo ni msimbo wa aina yake: data moja, mikono mingi, na watu hawakai chumba kimoja.

Miezi michache kabla, Aprili 2009, OpenStreetMap ilikuwa imebadilisha jinsi inavyopokea kazi. Tangu toleo lile, 0.6, kila kitu katika ramani kina nambari ya toleo, na mabadiliko yanaingia kwa mafungu yenye jina la aliyeyaleta. Tuseme umepakua zahanati fulani ikiwa toleo la 3, ukaenda mtaani kuthibitisha jina lake. Ukirudi kuipeleka, seva inatazama. Kama bado iko kwenye 3, inapokea kazi yako na yenyewe inaandika 4. Kama mtu mwingine alishaigusa, seva inakataa kwa jibu la 409 na kukuambia kuna mgongano. Programu ya JOSM inakuwekea yako na yake kando kwa kando, nawe unachagua.

Sasa angalia unachoulizwa. Jina la zahanati ni hili au lile? Iko upande huu wa njia au ule? Hakuna anayekuuliza kama nambari ya toleo iwe 4 au 5, wala kama saa ya mwisho iwe yako au yake. Nambari, saa na jina la mwandishi vinaandikwa na mtunza historia, na mtunza historia ni mmoja.

Utaniambia, lakini faili ya OpenStreetMap iliyo kwenye laptopu yangu nayo ina nambari ya toleo ndani. Kweli, inayo. Iko pale ili seva ijue ulianzia wapi, na haijawahi kuwa kazi yako kuirekebisha. Huo ndio mpaka ninaotaka tuuchore: mashine imuulize mtu yale tu ambayo mtu anayajua.

Wanaopinga wanasemaje

Kuna hoja tatu, na zote nimezisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu.

Ya kwanza: muhuri wa saa kwa kila methodi ni mtamu. Unafungua kivinjari cha msimbo na papo hapo unaona nani aliigusa na lini. Ni kweli ni utamu. Lakini `git blame` inakupa habari hiyohiyo mstari kwa mstari, na inaitoa katika komiti zenyewe, hakuna anayeiandika kwa mkono.

Ya pili: tukiondoa ukoo wa Monticello, wenzetu ambao bado wanabadilishana vifurushi vya `.mcz` watapotea njia. Hii ni hoja nzito zaidi. Jibu langu ni kwamba mradi lazima uchague. Ukiwa na Git na Monticello zote zikidai kuwa ndizo zinazojua nani alimzaa nani, siku moja zitapingana, na hutakuwa na wa kuamua. Fahali wawili hawakai zizi moja. Wanaotaka `.mcz` wapewe nakala iliyotolewa kutoka kwenye Git, lakini historia ibaki moja.

Ya tatu: kuna dawa bila kuhama. Thierry Goubier aliandika draiva ya kuunganisha ambayo inazielewa faili hizi, na Git inaiita yenyewe inapofika kwenye `version` au `methodProperties.json`. Kazi nzuri, na kama umefungwa kwenye mradi wa zamani itumie. Lakini ina udhaifu ambao huku kwetu ni mkubwa. Faili ya `.gitattributes` husafiri pamoja na ghala, ila maelezo ya draiva yenyewe hukaa katika mipangilio ya kila mashine. Leo uko kwenye laptopu yako, kesho uko saiba, keshokutwa umeazima mashine ya jirani. Na ukiunganisha kwa kubonyeza katika tovuti ya GitHub, draiva yako haiko huko.

Metadata si kitu kimoja

Sisemi metadata zote zitupwe. Mimi huzigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale ambayo historia inayajua: mwandishi, saa, nambari ya toleo, ukoo. Haya yatoke katika faili kabisa. Hakuna majadiliano.

Fungu la pili ni yale yanayoweza kutengenezwa upya kutoka kwa msimbo wenyewe, kama orodha na faharasa. Haya kama lazima yawepo, yapangwe kwa mpangilio usiobadilika, na yakigongana usiyasuluhishe kwa mkono. Unganisha msimbo, halafu iache zana iyaandike upya.

Fungu la tatu ni maamuzi ya watu. Methodi iko katika kundi gani, klasi ina vigezo gani, mradi unategemea vifurushi gani na matoleo gani. Katika Pharo hilo la mwisho linakaa katika klasi ya `BaselineOf`. Huyu akitaka toleo moja la maktaba na yule akitaka jingine, huo ni mgongano halali. Kaeni chini muongee. King'ora kimelia kwa haki.

Shida ya FileTree ya zamani ni kuyachanganya mafungu haya na kuyapa sauti moja.

Basi tufanye nini

La kwanza, kama mradi ni mpya usianze na FileTree. Tumia Tonel, ambayo Esteban Lorenzano aliitengeneza, na ambayo tangu Pharo 7 ya Januari 2019 inakuja pamoja na Iceberg kama njia ya kawaida. Tonel inaandika faili moja kwa kila klasi na haiweki saa wala jina la mwandishi. Ina gharama yake. Kwa kuwa methodi zote ziko katika faili moja, wawili wakiongeza methodi mpya zinazoangukia mahali pamoja watagongana. Naikubali gharama hiyo, kwa sababu ni mgongano wa msimbo ambao macho ya mtu yanaweza kuusoma na kuuamua. Na faida nyingine: badala ya maelfu ya faili ndogondogo una chache, jambo utakaloliona ukinakili ghala kwa flashi ya bei rahisi.

La pili, kama lazima ubaki na FileTree, zima metadata. Weka faili ya `.filetree` katika folda ya msimbo na uandike hivi:

    { "noMethodMetaData" : true,
      "separateMethodMetaAndSource" : false,
      "useCypressPropertiesFile" : true }

Kisha hifadhi upya vifurushi vyote.

La tatu, kuhama kuwe na siku yake. Kwanza unganisheni matawi yote. Kisha mtu mmoja abadilishe muundo katika komiti moja isiyo na kitu kingine ndani. Kisha wote wavute kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Mkihama huku tawi la mtu liko Gatina ndani ya flashi, mtakutana na mama wa migongano yote.

La nne, kama hamwezi kuhama bado, angalau msitumie ile amri yenye nukta. Taja faili unazozitupa:

    git checkout --ours -- '*/monticello.meta/version'

Ujue tu kwamba ukifanya hivyo ukoo wa Monticello unabaki wa upande mmoja, kwa hiyo msiutegemee tena. Kisha `faini.st` itabaki mezani pamoja na faili za `methodProperties.json`, ikisubiri watu wawili wapigiane simu.

La tano, ghala ya flashi. Amri ni mbili:

    git clone --bare chama /media/flashi/chama.git
    git push /media/flashi/chama.git tawi-langu

Kila mnapoonana, hata kwa dakika kumi stendi, peaneni kazi. Matawi yanayokutana mara kwa mara hayana mengi ya kugombania.

La sita, jina lako. Kwenye mashine ya watu wengi usitumie `--global`. Ingia katika folda ya mradi na uandike:

    git config user.name "Jina Lako"
    git config user.email "anwani yako"

Na ukipewa imeji na rafiki, badilisha jina la mwandishi ndani yake kabla ya kuhifadhi methodi ya kwanza. Hiyo ndiyo dawa niliyoahidi. Haichukui dakika mbili, na inalinda ile barua ya sifa niliyoitaja.

Wapo watakaosema nimelikuza jambo dogo, faili mbili tu za pembeni. Lakini tuliacha madaftari ya karatasi katika vyama vyetu kwa ahadi kwamba kompyuta haisahau kilichoandikwa. Kama sheria ya saa kumi inaweza kupotea katikati ya tarehe na vitambulisho bila mtu kuona, hatujaitimiza ahadi hiyo. Yule mama na shilingi zake 100 hajui Monticello ni nini wala haimhusu. Inatuhusu sisi.

Kwa leo nakomea hapo. Fungueni ghala zenu mtazame kama `monticello.meta` bado imo.